Povu la bia si gesi tupu: Kwa nini bia ya nyumbani huwa nyepesi, na namna inavyorekebishwa

Na Mwandishi Wetu

MTU anayepika bia nyumbani kwa mara ya kwanza husubiri wiki tatu hadi nne kabla ya kuonja matunda ya jasho lake. Siku ikifika hufungua chupa na kumimina; povu hupanda kwa kishindo, na kabla hajamaliza kumwita jirani aje kushuhudia, limekwisha kutoweka. Akionja, kileo kipo, lakini kinywaji chenyewe ni chepesi mdomoni mithili ya soda iliyotiwa maji.

Hapo ndipo kosa la pili, tena la hatari zaidi, hufanyika. Kwa kuwa povu huonekana kuwa ni gesi, mpikaji huamini kwamba dawa ni kuongeza gesi. Awamu inayofuata huzidisha sukari anayoitia kwenye chupa kabla ya kuziba. Anachovuna si povu linalodumu, bali chupa zinazopasuka usiku stoo na kutawanya vipande vya vioo.

Ukweli ni kwamba gesi huinua povu tu, hailishikilii. Kinacholishikilia hutoka katika nafaka, na huamuliwa siku ya kupika, wiki kadhaa kabla chupa haijazibwa. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyotokea na jinsi pishi moja la kawaida linavyoweza kurekebishwa.

Chimbuko la tatizo

Upishi wa bia nyumbani kama unavyofahamika leo barani Ulaya na Marekani ulipata nguvu baada ya sheria kulegezwa. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1880 mwananchi alipaswa kuwa na leseni hata kwa bia ya kunywa mwenyewe nyumbani. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 1963, wakati Reginald Maudling akiwa Waziri wa Fedha.

Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu upishi huo mwezi Oktoba, 1978, na ikaanza kutumika Februari, 1979. Sheria hiyo inamruhusu mtu mzima mmoja kupika galoni 100 kwa mwaka, sawa na lita 378 hivi, na kaya yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, bila kulipa kodi, mradi bia hiyo isiuzwe. Hata hivyo, majimbo yalibaki na mamlaka ya kukataza, na majimbo ya mwisho kuruhusu, Alabama na Mississippi, yalifanya hivyo mwaka 2013.

Wapishi wengi wa Uingereza walianza kwa kununua kopo la kimea kilichochemshwa mpaka kikawa kizito kama asali. Maelekezo yake yalikuwa mepesi: changanya kopo hilo na kilo moja ya sukari nyeupe, jazia maji hadi lita 23 hivi, tia hamira, kisha subiri. Njia hiyo ni rahisi na ya gharama ndogo, lakini ndiyo iliyoifanya bia ya nyumbani isifiwe kwa bei na kulaumiwa kwa wepesi wake.

Sababu ni kwamba hamira huila sukari nyeupe yote. Huigeuza kuwa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi, isibaki chembe ya kuupa uzito mdomo. Aidha, sukari haina protini, hivyo kila kilo ya sukari inayochukua nafasi ya kimea huondoa sehemu ya malighafi ya povu. Mpikaji hupata kileo kingi ndani ya kinywaji kilichokonda.

Povu ni kitu gani?

Bia inapomiminwa, kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake hutoka kwa mapovu madogo madogo yanayopanda juu. Katika soda mapovu hayo hufika juu na kupasuka mara moja. Katika bia hayapasuki upesi kwa sababu kila povu hujikuta limevikwa ngozi nyembamba.

Ngozi hiyo hufumwa na vitu viwili. Cha kwanza ni protini za shayiri, hususan zile zisizopenda maji, ambazo hukimbilia mahali gesi na maji yanapokutana. Cha pili ni uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia ukali wake. Vichungu hivyo hushikamana na protini na kuikaza ngozi. Ndiyo maana povu la bia nzuri huacha alama za utando kwenye kuta za glasi kila mnywaji anapopiga funda.

Mambo haya yamewashughulisha hata wanasayansi. Mwaka 2002, mwanafizikia Arnd Leike wa Munich, Ujerumani, alipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kuonyesha kwamba povu la bia hupungua kwa kanuni ileile ya kupungua kwa mionzi: katika kila kipindi cha muda ulio sawa, hupotea sehemu iliyo sawa ya kile kilichosalia. Kati ya bia tatu alizopima, bia ya ngano ya Erdinger ndiyo iliyodumisha povu muda mrefu kuliko wenzake.

Mwaka 2025, watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu povu la bia za Ubelgiji. Waliona kwamba bia zilizochachushwa mara tatu ndizo zenye povu imara zaidi, na bia za lager zilizochachushwa mara moja ndizo zenye povu dhaifu. Protini moja ya shayiri, inayofahamika kwa kifupi kama LTP1, ilikuwa na nafasi kubwa katika tofauti hiyo.

Gesi nayo ina tabia zake. Kaboni dayoksaidi huyeyuka kwa urahisi, hivyo hutoka kwenye povu dogo na kuhamia kubwa, na makubwa hupasuka. Nitrojeni haiyeyuki kirahisi, ndiyo maana mapovu yake hubaki madogo na laini kama krimu. Kiwanda cha Guinness cha Dublin kilianza kuitumia kwenye bia yake ya kumimina mwaka 1959, kwa kazi iliyoongozwa na Michael Ash. Mpikaji wa nyumbani asiye na mtungi wa nitrojeni hana budi kutegemea nafaka.

Uzito mdomoni hutoka wapi?

Msomaji aliyewahi kunywa mbege Kilimanjaro anaujua uzito wa kinywaji. Mbege hupata utamu kwa ndizi zilizoiva na uzito kwa uji wa kimea cha ulezi, na haichujwi ikawa maji matupu. Uzito wake unaonekana kwa macho, maana chembe za ulezi zinaelea ndani ya kata.

Bia iliyochujwa haina chembe hizo. Uzito wake hutokana na vitu vilivyoyeyuka, visivyoonekana, hasa mabaki ya wanga ambayo hamira imeshindwa kuyala. Kazi ya mpikaji ni kuhakikisha kwamba mabaki hayo yapo kwa kiasi.

Hatua inayoamua jambo hilo ni kuloweka kimea kilichosagwa ndani ya maji ya moto kwa muda wa saa moja hivi. Ndani ya kimea mna vimeng'enya viwili vinavyoukata wanga. Kimoja hukata vipande vidogo vidogo vya sukari ambavyo hamira huvila vyote. Hiki hufanya kazi vizuri kati ya nyuzijoto 60 na 65 za Sentigredi, na juu ya hapo huharibika upesi. Cha pili hukata ovyo ovyo, kikiacha vipande virefu visivyolika. Hiki huvumilia joto hadi nyuzijoto 70 na zaidi kidogo.

Kwa maneno mengine, mpikaji anayeloweka kimea kwenye nyuzijoto 64 anaagiza bia kavu na nyepesi. Anayeloweka kwenye nyuzijoto 68 anaagiza bia nzito. Tofauti ya nyuzijoto nne tu, ambayo mkono hauwezi kuitambua, ndiyo inayotenganisha vinywaji viwili. Kipimajoto kinachosema kweli kina thamani kuliko sufuria ya bei kubwa.

Kurekebisha pishi

Tuchukue mfano wa pishi la lita 20 za bia ya rangi ya shaba kwa mtindo wa Kiingereza. Pishi la awali lina kilo 3.5 za kimea cha kawaida cha shayiri na nusu kilo ya sukari nyeupe, na kimea kimelowekwa kwenye nyuzijoto 64. Katika mahesabu, sukari hiyo nyeupe hutoa karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu yote ya mchuzi huo mtamu, ambao kabla ya kutiwa hamira huwa na ladha inayokaribia togwa.

Nguvu hiyo hupimwa kwa haidromita, kifaa kinachoelea juu zaidi kadiri sukari inavyokuwa nyingi. Maji matupu husomeka 1.000. Pishi letu linaanza kwenye 1.049 na, hamira ikimaliza kazi, linaishia kwenye 1.007 hivi. Kileo chake ni kama asilimia 5.5, lakini mdomoni hamna kitu.

Marekebisho ya kwanza ni kuiondoa sukari nyeupe yote na kuongeza kimea cha kawaida hadi kilo 3.8.

Marekebisho ya pili ni kuongeza gramu 400 za shayiri isiyooteshwa, iliyopitishwa kwenye mvuke na kubanwa ikawa bapa. Kwa kuwa shayiri hiyo haikuoteshwa, protini zake na gundi yake ya asili hazijavunjwavunjwa, nazo huongeza povu na uzito kwa pamoja. Bia nyeusi za Ireland hutegemea mbinu hii. Asiye na shayiri hiyo anaweza kutumia kimea cha ngano kwa kiasi hichohicho; ngano ndiyo inayoipa sifa bia ya ngano ya Ujerumani, ambayo angalau nusu ya kimea chake hutakiwa kuwa cha ngano.

Marekebisho ya tatu ni gramu 200 za kimea cha karameli, ambacho kimekaangwa kikiwa na unyevu mpaka sukari yake ikagandia ndani ya punje. Sehemu kubwa ya sukari hiyo hailiki na hamira, hivyo huacha utamu kidogo, rangi na uzito.

Marekebisho ya nne ni kupandisha joto la kuloweka kutoka nyuzijoto 64 hadi 68. Hopsi na hamira havibadilishwi.

Kwa makadirio, pishi hilo jipya huanza kwenye 1.049 ileile, lakini huishia kwenye 1.013. Kileo hushuka hadi kama asilimia 4.7. Hapa mpikaji sharti achague, maana kile ambacho hamira imekiacha kiwe uzito hakiwezi tena kuwa kileo. Anayetaka vyote viwili hana budi kuongeza kimea na kukubali gharama yake.

Wanaotumia kopo bila kuloweka kimea wenyewe nao wana njia. Badala ya kilo ya sukari, waweke kilo ya unga wa kimea, au kopo la pili. Wapo wanaoongeza gramu 200 hadi 250 za unga wa maltodekstrini, ambao hamira hauli. Unga huo huongeza uzito, lakini kwa kuwa hauna protini usitarajiwe kulisaidia sana povu.

Dawa zinazozidisha ugonjwa

Yapo marekebisho yanayosifiwa ambayo huharibu. La kwanza ni kukipumzisha kimea kwenye nyuzijoto 50 hivi kabla ya kupandisha joto. Zamani, kimea kilipokuwa hakijaoteshwa vizuri, hatua hiyo ilikuwa na maana. Kimea cha kisasa kimekwisha kufanyiwa kazi hiyo kiwandani, na kukipumzisha tena huzikatakata protini zilezile zinazohitajika kwa povu.

La pili ni kuzidisha oti. Oti huipa bia ulaini wa uji, lakini ina mafuta mengi kuliko shayiri, na mafuta ni adui wa povu. Wapishi wengi huiacha isizidi sehemu moja kwa kumi ya nafaka yote. Aidha, oti, shayiri bapa na ngano hazina maganda ya kutosha, hivyo zikizidi huziba kichujio na kuifanya siku ya upishi kuwa ndefu.

La tatu ni kuinyanyasa hamira. Hamira iliyowekwa chache, au iliyoachwa kwenye joto kali, au iliyokaa muda mrefu mno juu ya mashapo yake, hufa na kumwaga vimeng'enya vinavyozila protini za povu. Kwa mpikaji wa mji wenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hili si jambo dogo. Hamira nyingi za bia za Kiingereza hupenda nyuzijoto 18 hadi 20, na ndoo ya kuchachushia iliyowekwa ndani ya beseni la maji na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu hushusha joto kwa kiasi fulani.

La mwisho ni kubadilisha mambo yote kwa mara moja. Mfano uliotolewa hapo juu umekusanya marekebisho manne kwa ajili ya maelezo. Mwenye subira angeyafanya moja moja na kuandika matokeo ya kila pishi kwenye daftari. William Sealy Gosset, aliyeajiriwa na Guinness mwaka 1899, alikabiliwa na tatizo hilohilo la kupata jibu la kuaminika kutokana na majaribio machache. Njia aliyoibuni na kuichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la "Student" hufundishwa hadi leo katika madarasa ya takwimu duniani kote.

Glasi na mdomo

Wakati mwingine bia haina kosa lolote, ila glasi. Mabaki ya sabuni, rangi ya midomo au mafuta kidogo hutosha kuitoboa ngozi ya kila povu. Hata nyama choma huchangia, maana mafuta yaliyobaki mdomoni huhamia kwenye bia kwa funda la kwanza.

Glasi ioshwe, isuuzwe kwa maji mengi na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa cha jikoni. Njia rahisi ya kuikagua ni kuilowesha na kunyunyiza chumvi ndani: mahali ambapo chumvi haishiki pana mafuta. Kabla ya kulaani pishi zima, ni busara kumimina chupa ya bia ya dukani yenye povu la kuaminika kwenye glasi ileile. Nalo likifa, pishi halina hatia.

Chupa ni suala la usalama

Tunarudi kwenye sukari ya chupa. Bia iliyomaliza kuchachuka huongezewa sukari kidogo wakati wa kuijaza chupani ili hamira iliyosalia itengeneze gesi. Kwa bia ya aina tuliyoieleza, gramu 5 hadi 6 kwa lita zinatosha, yaani gramu 100 hadi 120 kwa lita 20. Sukari hiyo ipimwe kwa mizani, si kwa kijiko, tena iyeyushwe kwenye maji yaliyochemka na kuchanganywa na bia yote kwa usawa kabla ya kujaza.

Bia isijazwe kwenye chupa mpaka haidromita isome namba ileile kwa siku tatu mfululizo. Kusoma 1.013 siku moja hakutoshi, kwani namba hiyo ikiwa bado inashuka, sukari iliyosalia italiwa ndani ya chupa na kuongezeka juu ya ile iliyotiwa. Tahadhari hii inawahusu zaidi wanaorekebisha pishi ili liwe zito, kwa sababu wanatarajia bia yao isimame kwenye namba ya juu na ni rahisi wakadhani imekwisha kuchachuka wakati imekwama tu.

Chupa ziwe nene, zilizotengenezwa kwa ajili ya bia yenye gesi na zisizo na ufa, na ziwekwe ndani ya boksi lililofunikwa, mbali na mahali watoto wanapocheza. Chupa inayofoka inapofunguliwa ni onyo kwamba zilizosalia zina shinikizo kubwa. Zipozwe kwenye friji mara moja, na anayezifungua azifunike kwa taulo nene.

Sheria nayo isisahaulike. Ruhusa zilizoelezwa hapo juu ni za Uingereza na Marekani. Nchini Kenya, sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza kileo kuwa na leseni. Msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kujaribu hana budi kuulizia kwanza katika mamlaka za mahali anapoishi, hata kama hakusudii kuuza chupa moja.

Kwa yule ambaye tayari ana ndoo ya bia nyepesi nyumbani, hakuna cha kuiongezea sasa kitakachoifanya iwe nzito kama ile iliyopikwa vizuri tangu mwanzo. Aijaze chupani kwa kipimo sahihi cha sukari, ainywe ikiwa baridi kwenye glasi safi, na aandike kwenye daftari lake joto alilotumia kuloweka kimea, ili pishi linalofuata lianzie hapo.